Ua, Wigo na Sitara: Historia ya Ujirani katika Mwambao wa Kagunga

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka Kiarabu na kuyafanya yake kabisa ni neno sitara. Sitara ni pazia, ni kificho, na ni heshima pia. Mtu aliyeuficha upungufu wa mwenzake huambiwa amemsitiri. Maiti akizikwa husemwa amesitiriwa. Na wawili wanaolindiana siri husitiriana. Tofauti yake na faragha, neno linalopendwa na wasemaji wa leo, ni kwamba faragha yaweza kuwa ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani, ilhali sitara humhitaji mtu wa pili. Hapana sitara pasipo jicho ambalo lingeweza kuona na likakubali kutoona.

Makala haya yanakusudia kulifuatilia jambo hilo mahali ambapo ni wachache watakaofikiri kulitafuta: katika mwambao wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Tanganyika, kutoka Ujiji na Kigoma hadi Kagunga, kijiji cha mwisho cha Tanzania kabla ya kuingia Burundi. Swali letu ni la kawaida, na kila mwenye nyumba amewahi kujiuliza: mtu atauzungushiaje ua wake na bustani yake kiasi cha kupata sitara, bila ya kumfanya jirani ahisi amefungiwa nje? Historia ya mwambao huo ina jibu lake, na jibu hilo lilipitia mtihani mgumu mwaka 2015.

Tuanze na maneno, kwani yamehifadhi mengi. Katika Kiswahili, ua wenye wingi wa nyua ni kizuizi cha makuti, mabua au matete kinachozunguka nyumba, na ni uwanja ule ule uliozungukwa. Kizuizi na kilichozuiwa vimepewa jina moja. Kitalu, ambacho leo ni mahali pa kuoteshea miche, katika kamusi za zamani ni ukuta wa mawe unaozunguka kiwanja au bustani. Tunalo pia neno wigo, au ugo kama wengine wasemavyo. Waha wa Kigoma na Warundi wana neno urugo, na wataalamu wa lugha za Kibantu huyarudisha maneno haya kwenye shina moja. Lakini urugo si uzio peke yake. Ni boma zima pamoja na watu waliomo, na kwa Warundi kujenga urugo ni kuoa na kuanzisha familia. Kwa hiyo, muda mrefu kabla ya msafara wa kwanza kutoka pwani kufika ziwani, wenyeji wa huko walikwisha kuamua kwamba penye nyumba pana wigo, na kwamba asiye na wigo hajakamilika kuwa na nyumba.

Waha hawakuishi kwa kubanana. Kila familia ilikaa katika boma lake kati ya migomba na mashamba yake, na boma moja lilitengana na jingine kwa mwendo wa dakika kadhaa. Katika nchi za juu, ua wa mbele ulikuwa wa mifugo na wageni, na ua wa nyuma ulikuwa wa maghala ya nafaka na shughuli za mama wa nyumba. Mgeni alijua mguu wake unaishia wapi. Kando ya ziwa, ambako mbung'o waliwafanya ng'ombe kuwa wachache, maisha yaliegemea samaki, mihogo na michikichi, lakini mpangilio wa mbele na nyuma haukupotea.

Wigo wenyewe mara nyingi ulikuwa hai. Ulipandwa minyaa, mbono, mivumu na miti mingine inayoota kwa kuchomeka kijiti tu ardhini. Inafaa tuutazame mnyaa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna fundisho. Mbuzi hali mnyaa, ukame hauuui, na kwa misimu michache huwa kizuizi kizito asichoweza mtu kupenya. Lakini utomvu wake mweupe ni hatari. Tone likiingia jichoni huunguza, na laweza kumpofusha mtu kwa muda au kwa daima. Anayepanda minyaa mpakani, basi, amepanda hatari inayowatazama watoto wa pande mbili. Hawezi kuikata ovyo ikamrukia jirani, wala jirani hawezi kuipunguza bila ya kumwambia. Tena mti hukua. Uzi uliokuwa mpaka wakati wa kupanda, baada ya miaka kumi huwa kichaka chenye upana wa hatua mbili, na hatua hizo mbili ni za nani? Wigo wa namna hii huwalazimisha majirani kukutana kila baada ya masika, panga mkononi na maneno mdomoni. Ukuta wa matofali haumlazimishi mtu kusema chochote.

Misafara ya kutoka Bagamoyo na Zanzibar ilipofungua njia ya kudumu hadi Ujiji katika karne ya 19, ilileta namna nyingine ya kuutafuta ufumbuzi wa jambo lilo hilo. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 na kuwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kutangulia. Stanley alipomkuta Livingstone hapo mwaka 1871, wazee hao wawili wa safari waliketi na kuzungumza barazani, kwenye kibaraza cha udongo mbele ya nyumba. Wasomaji wengi wa habari hiyo wameyashika maneno ya salamu yaliyosemwa siku ile na kuisahau baraza. Kwetu sisi, baraza ndiyo yenye habari. Mgeni aliyetoka mbali kiasi kile hakuingizwa moja kwa moja chumbani; alipokewa pale ambapo desturi ya pwani humpokelea kila mgeni, hadharani, mbele ya macho ya mji.

Msomaji wa visiwani haitaji kuelezwa kazi ya baraza. Nyumba ya Kiswahili ina uso na ina mgongo. Usoni kuna baraza, ambapo mwanamume huketi na jirani, hunywa kahawa, husikia habari na kumaliza ugomvi. Mgongoni kuna uwani, penye kisima, jiko, mnazi au mwembe, na vitanda vya mboga. Na hapo mtu wa nje hapiti. Heshima ya mahali hapo ni kubwa hata mtu anayekwenda haja husema anakwenda uwani. Kati ya uso na mgongo pana neno moja, hodi. Qurani, katika Surat an-Nur, imewaamuru waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Waswahili wa Ujiji, kama wa Unguja na Lamu, waliifanya amri hiyo kuwa desturi ya kila siku. Mwenye kubisha hodi mara tatu asijibiwe hurudi alikotoka, wala hana haki ya kununa.

Tuzingatie jinsi mpango huu ulivyopimwa. Nyumba haikujitenga na mji, kwa kuwa baraza ilikuwa ni mkono uliokunjuliwa kwa mpita njia. Kwa sababu jirani alipewa baraza, hakuwa na sababu ya kuutamani ua. Aliyejenga ua bila ya baraza alionekana bahili au mwenye jambo la kuficha, na aliyekuwa na baraza bila ya ua alionekana amewavua watu wake nguo. Wageni wengi wa pwani waliooa katika koo za wenyeji wa Ujiji walizileta desturi hizi ndani ya urugo, na urugo nao ukawapa wigo wake wa miti hai. Ndivyo mji ule wa miembe na michikichi ulivyopata sura yake.

Fikira hii si ya Waswahili na Waha peke yao. Katika dola ya Uthmaniya, kitabu cha sheria kiitwacho Mejelle, kilichotungwa kati ya 1869 na 1876, kiliandika waziwazi yale ambayo miji mingi ya Kiislamu ilikuwa ikiyafuata kwa mazoea. Kulitazama jiko la jirani, ua wake au kisima chake, mahali ambapo wanawake hufanyia kazi zao, kulihesabiwa kuwa ni madhara makubwa ambayo mwenye kuyasababisha hulazimishwa kuyaondoa kwa kuweka kizuizi. Kuna kanuni moja ndani yake inayopendeza zaidi, inayomhusu mtu mwenye mti wa matunda bustanini mwake, ambaye akiupanda huona ndani kwa jirani. Sheria haikuamuru mti ukatwe, wala haikumnyima mtu tunda lake. Ilimtaka atoe taarifa kila anapotaka kupanda, ili waliomo ndani wajisitiri; na asipofanya hivyo ndipo kadhi aweza kumkataza. Mejelle haikupata kutawala Ujiji. Lakini mwenye mwembe ukingoni mwa ua, popote alipo, ataielewa hekima yake bila ya mwalimu: haki ya bustani na haki ya jicho zilipatanishwa kwa sauti ya mtu anayesema, "Napanda."

Utaratibu huo ulikuja kuguswa na mkono wa dola, tena mara zaidi ya moja. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani iligawanywa. Wabelgiji, waliokuwa wameiteka Kigoma na Ujiji mwaka 1916, waliondoka huko mwaka 1921 na kubaki na Urundi, na Waingereza wakaichukua Tanganyika. Mstari uliopita juu ya Kagunga ukawa mpaka wa dola mbili. Huo nao ni wigo, ila uliopandwa na watu wasiokaa pande zake zote mbili. Waha na Warundi, ambao lugha zao zinasikilizana kwa kiasi kikubwa, waliendelea kuvukiana kwa mtumbwi na kwa miguu, kwa soko, ndoa na misiba.

Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa sehemu kadhaa za Buha katika makazi ya pamoja kwa ajili ya kupambana na malale. Uhuru ulipopatikana, mkusanyo mkubwa zaidi ulifuata. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, na hadi mwisho wa 1976 wananchi wa vijijini nchini kote walitakiwa wawe wamehamia katika vijiji. Mengi yameandikwa juu ya siasa hiyo, faida zake za shule, zahanati na maji, na machungu ya watu walioacha migomba na makaburi yao. Hapa tunataka kuongeza jambo moja ambalo halijatajwa vya kutosha. Boma lililokuwa katikati ya migomba lilisitiriwa na umbali wenyewe. Nyumba iliyowekwa kwenye mstari, ubavu kwa ubavu na nyumba nyingine, iliupoteza umbali huo kwa siku moja. Kilichokuwa kikifanywa na shamba sasa kilipaswa kufanywa na matete, na pale ambapo matete hayakutosha, kilipaswa kufanywa na adabu. Watu waliokuwa wakisikia jogoo wa jirani kwa mbali, sasa walisikia kikohozi chake.

Kagunga yenyewe haikuhitaji operesheni ili ibanane. Milima inashuka kwa kasi hadi karibu na maji, na kijiji kimeshikilia ukanda mwembamba wa ardhi katikati. Usiku wa giza wavuvi huingia ziwani na taa zao kutega dagaa, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika. Asubuhi, wakati dagaa wanaanikwa juani, wanaume waliokesha majini wanalala. Hapo jirani mwenye kinu hujua la kufanya. Sitara ya mvuvi ni ukimya wa mchana, na hakuna ua wa matete uwezao kuzuia sauti; ni jirani tu awezaye.

Basi mtihani ukaja. Mwishoni mwa Aprili 2015, baada ya Rais Pierre Nkurunziza kuteuliwa kugombea muhula wa tatu, Burundi iliingia katika ghasia, na tarehe 13 Mei palitokea jaribio la mapinduzi lililoshindwa. Maelfu ya watu walivuka mpaka, na wengi wao walishukia Kagunga. Katika kijiji chenye wakazi wapatao elfu kumi, mamlaka za uhamiaji za mahali hapo zilikadiria kwamba zaidi ya watu 50,000 walikuwa wamejaa ufukweni na kijijini. Barabara ya magari haikuwapo. Nyuma ni mlima, mbele ni maji. Meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na ambayo ilikuwa ingali inasafiri, ilitumwa kuwachukua, ikipakia watu mia kadhaa kwa safari. Walipelekwa Kigoma, wakapumzishwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha wakasafirishwa kwa mabasi hadi kambi ya Nyarugusu. Lakini meli ilihitaji muda, na watu walikuwa wakizidi kuja.

Hebu tulifikiri jambo hilo kwa kipimo cha ua. Penye mtu mmoja, watano au sita zaidi. Mgeni amelala chini ya mwembe wa mtu, amekoka moto kwa kuni za wigo wa mtu, anateka maji yale yale ya ziwa ambayo kila mtu anaoga na kufulia. Vyoo vya kijiji, vilivyotosha familia zake kwa shida, havikuweza kuwatosha makumi ya maelfu. Kipindupindu kikazuka. Kufikia wiki ya tatu ya Mei ilitangazwa kwamba waliougua wamefikia kama 3,000, na waliofariki wamezidi 30. Wengi wao walikuwa wakimbizi, lakini na Watanzania walikuwamo.

Neno sitara hapa linarudi na uzito wake wote. Kwa mwanamke aliyekimbia na watoto, kukosa pa kwenda uwani si jambo la aibu peke yake. Ni njia ya maradhi kumrudia yeye na mwenyeji wake. Mwenye nyumba aliyekifungia choo chake kwa kufuli, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo, hakuweza kuyafungia maji ya ziwa. Na aliyekifungua, alihatarisha watu wake. Hakuna fundisho jepesi linaloweza kutolewa katika hali hiyo, wala hatutaki kuwageuza watu wa Kagunga kuwa malaika. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Hapa jembe halikuwapo wala ardhi ya kulima. Hata hivyo mambo mawili ni dhahiri. La kwanza, kijiji kilibeba mzigo huo kabla ya mahema na dawa kufika. La pili, msaada ulipofika, sehemu yake kubwa ilikuwa ni kurudisha sitara: vyoo, maji safi, na nafasi kati ya mtu na mtu. Yaani kwanza ilibidi wigo uachwe wazi ili watu waishi, kisha ikabidi wigo urudishwe ili watu wasife. Ujirani uliyahitaji yote mawili, kila moja kwa wakati wake.

Tukirejea katika siku za kawaida, sheria ya nchi nayo imelifahamu jambo hili kwa namna yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Kazi ya chombo hicho ni kusuluhisha, kuwasaidia wenye ugomvi wafikie maafikiano wao wenyewe. Jina lake si la bahati nasibu. Baraza ya udongo iliyo mbele ya nyumba na baraza la wazee ni neno moja, kwa kuwa zamani lilikuwa ni jambo moja: mashauri ya mpaka yaliamuliwa pale pale jirani alipozoea kuketi. Mgogoro wa minyaa iliyovuka hatua mbili, au wa mwembe unaodondosha majani kisimani kwa watu, ukifika huko umekwisha kuchelewa kidogo. Lakini haujachelewa kama ule unaopelekwa mahakamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gharama ya ukuta si matofali tu.

Siku hizi mjini Kigoma, kama katika miji mingine ya Tanzania, kuta za matofali zimeinuka mahali pa minyaa, na baadhi zina vipande vya chupa juu yake. Hatuwalaumu waliozijenga, wezi wapo, na mji umejaa wageni wasiojuana. Lakini tuulize kilichobadilika. Ukuta humzuia jirani kuona, haumfundishi kutoona. Aliyezoea kusitiriwa na ukuta tu, siku ukuta ukianguka hana wa kumsitiri. Na kuta huanguka. Ziwa lenyewe, ambalo halijui mpaka wa mtu, lilipanda sana mwaka 2021 na tena 2024, likamega fukwe na kuingia katika nyumba za watu kandokando yake, upande wa Tanzania, wa Burundi na wa Kongo. Aliyeingiliwa na maji alihamia kwa nani, kama si kwa aliye juu yake kidogo mlimani?

Mkoani Kigoma masoko ya mpakani huitwa masoko ya ujirani mwema. Jina hilo lingefaa kuandikwa pia kwenye nyua zetu, si kwa kupiga vita wigo, bali kwa kuukumbuka ulivyokuwa: mti hai unaokatwa na watu wawili, wenye baraza upande mmoja na hodi upande wa pili. Anayetaka kupanda wigo leo, Kagunga au Unguja, na aanze kwa kumwita jirani atazame uzi unapopita. Hapo atakuwa amekwisha kupata nusu ya sitara yake kabla ya kuchimba shimo la kwanza.